Siku 5 Lisbon bila nguruwe wala pombe: tule wapi, tule nini?

Swali: Mimi na mume wangu ni wenyeji wa Tanga. Mwezi wa Juni tunakwenda Uingereza kwenye mahafali ya mtoto wetu, na tukitoka huko tutapumzika Lisbon siku 5. Hatuli nguruwe wala hatunywi pombe. Mzee anapenda samaki kuliko kitu chochote. Tumesikia pia kwamba migahawa ya kule humwekea mgeni mezani vitu asivyoagiza, kisha ikamtoza. Tule wapi, na tule nini, tusije tukashinda siku zote tano kwa chipsi na mayai?

Jibu: Shikamoo mama, na salamu zangu zimfikie mzee. Hongereni sana kwa mahafali ya mtoto.

Nimepika Lisbon miaka 11, mitatu ya mwanzo nikiwa mtu wa kuparua samaki na kuosha vyombo. Ndugu zangu wa pwani wanaokuja kunitembelea huniuliza swali hilohilo, wakitarajia niwape majina ya migahawa. Yapo machache nitakayoyataja. Lakini mgahawa mzuri wa mwaka huu, mwakani huenda umeshauzwa, kwa hiyo kwanza nitawapa saa. Lisbon kuleni mchana. Mlo mkubwa uwe saa saba mchana, usiku mle kidogo, na nusu ya mnayoyaogopa hamtakutana nayo.

Mchana mgahawa mdogo wa Lisbon humlisha mtu wa palepale mtaani: karani wa benki, fundi bomba, muuza duka, bibi mjane wa ghorofa ya juu. Hawa hula hapo karibu kila siku, na wakilishwa ovyo Jumanne, Jumatano hawaonekani. Basi mpishi hupika sahani mbili tatu za siku hiyo, wenyewe huziita "prato do dia", kwa kile alichokipata asubuhi. Bei mara nyingi ni kati ya euro 9 na 13, na mahali pengi humo mna supu, kinywaji na kahawa. Usiku jiko ni lilelile na mpishi ni yuleyule, lakini sahani ya siku haipo tena. Mtaagiza kwenye orodha kubwa, na bili itapanda.

Migahawa hiyo inaitwa "tasca", na mtaitambua mkiwa bado barabarani. Meza zimebanana na zimetandikwa karatasi badala ya kitambaa. Televisheni inatoa habari na hakuna anayeisikiliza. Orodha ya leo imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha mlango. Mkiona sahani moja imepigiwa mstari, maana yake imekwisha, na hiyo kwangu ni dalili nzuri kuliko nyota zozote za kwenye simu. Jiko hufunguliwa kama saa sita na nusu, na ikikaribia saa tisa moto umeshazimwa. Mkifika saa saba kasorobo mtapata meza bila kusubiri. Dakika 20 baadaye mtasimama mlangoni na watu wa ofisini.

Msizitafute tasca hizo Baixa, katikati ya mji. Rua Augusta na Rua das Portas de Santo Antão zimejaa watu wanaosimama nje na orodha za picha, wanaita wapita njia kwa lugha tano. Mahali panapolazimika kukuita, wenyeji walishapahama zamani. Pandeni metro mshuke Alvalade au Arroios, au pandeni tramu namba 28 mpaka mwisho wake, Campo de Ourique, kisha mwingie mitaa ya pembeni. Mzee akitaka kuvuka maji, feri za Cacilhas huondoka Cais do Sodré na kuuvuka Mto Tejo kwa dakika kama kumi. Mkishuka tu, mtaa ulio mbele yenu una migahawa ya samaki mlango kwa mlango. Soko la Ribeira, ambalo upande wake mmoja tangu 2014 ni Time Out Market, ni zuri kwa kutazama na kwa siku ya mvua. Ila kwa bei ya hapo, na kelele zile, mimi sipeleki wazazi wangu.

Sasa hivyo vitu visivyoagizwa. Mlichosikia ni kweli. Mkikaa tu, mhudumu ataweka mkate, siagi, zeituni, pengine na jibini dogo la mviringo au sahani ya kamba. Hiyo inaitwa "couvert". Si zawadi, lakini pia si utapeli. Ndiyo desturi yao, na wenyeji wenyewe hulipia mkate wanaoula. Sheria ya Ureno inasema wazi kwamba mteja hatozwi kitu ambacho hakukiomba na ambacho hakukitumia. Kwa hiyo kila kitu huhesabiwa peke yake: mkate mkiula mtaulipia, na jibini msipoligusa halimo kwenye bili. Wiki zangu za mwanzo niliwahi kula jibini la namna hiyo na binamu yangu, tukiamini ni ukarimu wa nyumba, na likaja kutugharimu kuliko supu zetu mbili. Siku hizi nikikaa hutazama kwanza, nikabakiza mkate na zeituni, vingine nikavisogeza ukingoni mwa meza nikisema, "Pode levar, obrigado", yaani unaweza kuchukua, asante. Wewe mama utasema "obrigada". Hakuna anayenuna. Na ikitokea mmetozwa msichokula, ombeni "livro de reclamações", kitabu cha malalamiko ambacho kila mgahawa unatakiwa na sheria uwe nacho. Nimeona mara nyingi hesabu ikirekebishwa kabla kitabu hakijafunguliwa.

Bakshishi si lazima. Watu huacha chenji, au euro moja mbili kama wamefurahi. Muwe na fedha taslimu, maana tasca nyingine hazipokei kadi za nje.

Nguruwe ndiye wa kuangalia sana, na hapa naomba mama uandike. Ureno ni nchi ya nguruwe, na majina yake ni mengi kiasi kwamba neno "porco" lenyewe huenda msilione. "Presunto", "fiambre", "chouriço", "linguiça", "morcela", "toucinho", "entremeada", "febras", "leitão", "secretos", "bifana": zote hizo ni nguruwe. "Banha" ni mafuta yake. Hatari kubwa kuliko hayo ni sahani ambazo jina lake ni safi. "Arroz de pato" ni wali wa bata, lakini juu yake hupangwa vipande vya chouriço. "Caldo verde" ni supu ya viazi na majani yaliyokatwa membamba kama nywele, ndugu kabisa wa sukuma wiki wetu, na wengi huidondoshea kipande kimoja cha chouriço. Hiyo inaombwa "sem chouriço", ila ulizeni kwanza kama hakikuchemshiwa humohumo sufuriani. "Alheira" ni soseji yenye historia ya Mayahudi waliolazimishwa kubadili dini, inasimuliwa kwamba walitia mkate na kuku ili waonekane wanakula soseji kama majirani. Msiitegemee hadithi hiyo, alheira nyingi za leo zina nguruwe. "Tosta mista" ya kahawani ni jibini na fiambre.

Neno la kuuliza ni moja: "Leva porco?" Je, ina nguruwe? Badilisheni mwisho na mtapata la pili: "Leva vinho?" Je, ina mvinyo? Hili la mvinyo msilisahau kwenye kombe na wali wa vyakula vya bahari, kwani wapishi wengi humwagia mvinyo mweupe bila kuuandika. Kama mzee ni mwangalifu zaidi, aulize pia kama samaki na nyama vinachomwa kwenye wavu mmoja. Maswali haya hayamuudhi mtu. Jikoni kwetu huulizwa kila siku na tunajibu ukweli.

Tuje kwa samaki, ambao ndio hasa mnawafuata.

Juni ni mwezi wa sardini. Usiku wa tarehe 12 mji mzima husherehekea Santo António, tarehe 13 ni sikukuu ya mji, na mitaa ya Alfama, Mouraria na Graça hujaa majiko ya mkaa hadi moshi ukaning'inia kati ya nyumba. Nendeni mkaone, ila mfike jua lingali juu, kwa sababu saa tatu usiku hapapitiki na bei ya sardini mmoja hupanda. Mwanzoni mwa Juni huwa bado wembamba. Wareno wana msemo kwamba siku ya São João, ambayo ni tarehe 24, sardini hudondokea mkate, yaani ameshanona mafuta yanachuruzika. Kama tarehe za safari hazijafungwa, ningewaomba mje wiki ya mwisho ya mwezi.

Namna ya kumla inafaa kujua kabla. Sardini mzuri huchomwa mzima, bila kupasuliwa, kwa chumvi ya mawe tu. Huletwa moto juu ya kipande kinene cha mkate. Weka uma kando. Ngozi iliyoungua ivue kwa vidole, itatoka kama soksi, kisha pitisha kidole mgongoni toka kichwani hadi mkiani, na mnofu wa upande mmoja utaachana na mwiba wenyewe. Geuza, fanya hivyo tena. Kichwa, mwiba na tumbo vinabaki vimeshikana. Ukimaliza wa pili, wa tatu, mkate ule uliokuwa chini umeshakunywa mafuta na chumvi na moshi wote. Huo ndio wa kula mwisho, polepole. Mzee akifika kwenye mkate huo atajua kwa nini nimesema Juni.

Zaidi ya sardini, kuna "carapau", jamii moja na kolekole ila mdogo, na "cavala", ndugu wa vibua. Wote ni wa bei nafuu na wenyeji wanawapenda. "Dourada" atawakumbusha changu, lakini mjue kwamba dourada na "robalo" wengi wa mezani ni wa kufugwa. Kwenye orodha wa baharini huandikwa "do mar" na bei yake hupishana mno na ya mwenzake. Samaki wakubwa huuzwa kwa kilo, na bei inayosomeka ni ya kilo, si ya sahani. Mwambieni mhudumu amlete mumuone, mtazame jicho na mashavu kama mnavyofanya nyumbani, kisha muulize "Quanto fica?", atafika bei gani. Akishapima na kutaja, ndipo mkubali. "Choco" ni dome, "lulas" ni ngisi, "polvo" ni pweza. Pweza "à lagareiro" huokwa na kumwagiwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu kingi, pembeni viazi vidogo vilivyopondwa kwa ngumi na maganda yake. Mimi mtu wa pweza wa nazi nimekikubali chakula hicho.

Jumatatu ruka samaki mbichi, kwani boti nyingi haziendi baharini Jumapili. Siku hiyo kuleni "bacalhau". Huyu, mama, si mgeni kwako: ni ng'onda. Ni samaki wa bahari za baridi, hutoka zaidi Norwei na Aislandi, hupasuliwa, hutiwa chumvi na kukaushwa hadi akawa kama ubao. Kabla ya kupikwa huloweshwa siku moja hadi mbili au zaidi, maji yakibadilishwa tena na tena. Asiyejua kulowesha atakulisha chumvi tupu, na ndiyo maana sahani hii humpima mpishi vizuri kuliko nyingine. Anzeni na "bacalhau à Brás": nyuzi za samaki zilizochanganywa na chipsi nyembamba kama njiti, vitunguu na mayai yasiyokauka, juu zeituni nyeusi na kotimiri. Mayai yakija yamekauka kama kimanda cha uwanja wa ndege, mpishi alikuwa anaongea na simu. Andazi la bacalhau, "pastel de bacalhau", huliwa kwa mkono likiwa moto. Lile linalojazwa jibini ndani madukani mwa watalii liacheni.

Siku moja mkitaka kutumia fedha kidogo zaidi, Cervejaria Ramiro ya Avenida Almirante Reis imekuwa ikipika kamba na kaa tangu 1956, na haina haja ya sifa zangu. Jina "cervejaria" lina maana ya nyumba ya bia, na meza za jirani zitakuwa na bia. Kama hilo litamsumbua mzee, msiende.

Kuku na nyama ni suala la uchinjaji, na hapo mwenye kutaka halali ateremke Martim Moniz, mtaa wa Mouraria. Rua do Benformoso, hatua chache kutoka kituo cha metro, ina mabucha ya halali na migahawa ya Wabangladeshi, biriani na mishikaki kwa bei ya chini. Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985, uko karibu na Praça de Espanha, na Ijumaa baada ya swala hamtakosa mtu wa kuwaelekeza pa kula.

Mouraria hiyohiyo ina chakula cha Msumbiji, na hapa napenda mpite kwa sababu mtakuta vya nyumbani vikiwa na jina jingine. Mgahawa wa Cantinho do Aziz, kwenye ngazi za kupandia mlimani, ni wa kale mtaani. Mkiona "matapa" kwenye orodha yoyote ya Kimsumbiji, ni kisamvu: majani ya muhogo, karanga na nazi, mara nyingi na kamba. Na "chamuça" zinazouzwa karibu kila mkahawa wa kona ni sambusa zetu, zilizofika Lisbon na watu wa Goa na wa Msumbiji. Nyingi ni za nyama ya ng'ombe au kuku, ila ulizeni.

Kisha pilipili. Mmea wenyewe Wareno ndio walioutoa Marekani ya Kusini na kuusambaza pwani zetu na India. Wakauacha kwetu, nasi tukaupa jina tulilokuwa tukiiita pilipili manga, na jina hilo wakarudi nalo kwao. Leo kwenye kila duka la kuku wa kuchoma, "churrasqueira", mtaulizwa, "Com piri-piri?" Mmea walioleta wao, jina la kwetu. Mimi huwa nafurahi kila ninapoulizwa.

Vitamu sitavimaliza. Pastéis de Belém wanaoka vile vikombe vya krimu ya mayai tangu 1837, jirani na monasteri ya Jerónimos. Foleni ndefu ya nje ni ya wanaobeba, basi ipiteni, ingieni ndani kwenye vyumba vya vigae vya buluu mkae mhudumiwe. Nyunyizeni mdalasini. Manteigaria ya Chiado ni nzuri sawasawa, na hupiga kengele kikitoka kikaango kipya. Mbele ya vitamu vingine, kuweni macho na viwili: "toucinho do céu", kinachotiwa mafuta ya nguruwe kwa desturi, na "pudim Abade de Priscos", chenye kipande cha mafuta hayo pamoja na mvinyo. "Arroz doce", wali wa maziwa wenye ganda la limau na mdalasini uliochorwa juu kwa vidole, hauna shaka yoyote. Mkiona cheri za Fundão sokoni nunueni nusu kilo, Juni ndio wakati wake. Kahawa hapa ni "bica", na mkiinywa mmesimama kaunta mtalipa karibu euro moja. Mkikaa nje barazani, zaidi.

Kwenye sherehe za Santo António mtaona pia vyungu vidogo vya "manjerico", mrehani wa majani madogo madogo, umekatwa mviringo kama mpira na kuchomekwa ua la karatasi na ubeti wa shairi. Msiunuse kwa pua, watawakataza, wanaamini utanyauka. Mguse kwa kiganja, kisha unuse kiganja. Nilipoufanya mwaka wangu wa kwanza nilinusa uwanja wa bibi yangu.

Jumapili jioni tasca nyingi zimefungwa, na nyingine Jumatatu kutwa. Usiku huo chukueni kuku wa kuchoma, mkate na zeituni mle chumbani, au supu ya mboga kwenye mkahawa wa kona. Maji ya bomba ya Lisbon ni salama. Yanaombwa "água da torneira".

Na mzee akitaka kuwabebea wa Tanga, Conserveira de Lisboa iko Rua dos Bacalhoeiros tangu 1930. Wanauza samaki wa kopo katika mafuta ya zeituni, na kila kopo hulifunga kwa karatasi kwa mkono mbele yako. Yawekeni kwenye begi la chini ya ndege. Ukaguzi wa uwanjani huweza kuyazuia kwenye mkoba wa mkononi kwa sababu ya mafuta yaliyomo.